Kichwa Alibeba Eliya, Mkia Nikabeba Mimi

Enzi zetu wimbo ulikuwa mzigo, na mzigo wenyewe ulikuwa wa kupandisha mlima. Leo mtoto akitaka wimbo anagusa kioo cha simu, unakuja wenyewe mbio, na usipompendeza anaufukuza kabla haujafika katikati. Sisi tuliokulia Usambara miaka ile bendera mpya ilipokuwa bado haijapauka, tulishuka kwa miguu kuufuata wimbo Lushoto mjini, tukaupandisha mpaka nyumbani kwetu upande wa Irente, na tukifika hatukuruhusiwa hata kunywa maji kabla ya kuutua. Najua vijana wakisoma hapa watasema bibi anatia chumvi. Ninyi wa rika langu, hasa mliopita njia ile, nivumilieni nieleze.

Mnaikumbuka baridi ya kipupwe? Asubuhi ukungu uliingia mpaka jikoni bila kupiga hodi. Tulikula makande ya jana yaliyopashwa moto, tukajifunga mashuka shingoni, tukaenda shule kila mtu na mzigo wake: huyu kuni za mwalimu, yule samadi ya shamba la shule, maana zilikuwa siku za kujitegemea na hata watoto wa darasa la kwanza walijitegemea. Miguu peku kwenye umande, na ukifika mwalimu anakagua kucha. Mchana tulirudi kwa njia ya mkato kupitia kwenye miti ya matunda ya watu, plamsi na pichesi. Ukikamatwa unachapwa na mwenye shamba, na ukifika nyumbani unachapwa tena kwa kosa la kumchosha mwenye shamba. Siku hizi ukimkemea mtoto wa jirani unaitwa ofisini kwa mtendaji.

Mama yangu alikuwa mpishi kwa mjane mmoja wa Kizungu aliyependa maua kuliko watu, kwa hiyo sisi tulimwita Mama Bustani. Uhuru ulipokuja, yule mama akafunga masanduku arudi kwao. Wazungu wengine walipoondoka waliwaachia watumishi wao masufuria, mablanketi, hata vitanda. Baba, ambaye alikuwa fundi seremala, alikuwa ameweka macho yake yote kwenye cherehani ya Mama Bustani, na alikwisha kupima mahali pa kuiweka. Mama akarudi jioni na kijisanduku kirefu kama cha miwani. Ndani mlikuwa na filimbi nyeusi ya mti, vipande vitatu vya kuunganisha, yenye pete za shaba kwenye maungio na matundu sita ya vidole. Haikuwa na vitufe wala mitambo yoyote. Ulikuwa unaipuliza ubavuni, umeielekeza kulia kama mtu anayetaka kukata muwa kwa meno.

Mama akaeleza kwamba alipokuwa akikanda mkate alizoea kuziimba puani zile nyimbo alizopiga Mama Bustani barazani, na yule mjane akasema cherehani atapata popote, ila filimbi inataka mtu. Baba akakichukua kipande kimoja, akakikwangua kidogo kwa ukucha, akakinusa, akacheka. Akasema mti huu anaujua, ni mpingo, umetoka huku kwetu chini Handeni, ukaenda Ulaya kusoma, sasa umerudi. Tangu siku hiyo hakuitaja tena cherehani, angalau si mbele yetu.

Ilimchukua Mama muda mrefu kupata sauti. Mwanzoni ilitoka pumzi tupu, kama ya mtu anayepoza uji. Bibi, mama mzazi wa Baba, ambaye tuliishi naye nyumba moja, hakufurahi. Kwa Bibi, mluzi ndani ya nyumba ulikuwa unaita nyoka, na filimbi aliiona ni mluzi wenye mavazi. Lakini siku Mama alipofanikiwa kuutoa wimbo wa kanisani, ule wa kuanzia ibada, Bibi aliacha kupepeta, akasikiliza mpaka mwisho, akatangaza kwamba nyoka hawezi kuufuata wimbo wa Mungu. Basi tukawa tumepewa ruhusa.

Mama angeweza kutosheka na nyimbo za kanisani na zile za Mama Bustani. Hakutosheka. Alikuwa na njaa ya nyimbo kama wanawake wengine walivyokuwa na njaa ya vitenge. Akisikia sauti ngeni mahali popote, anasimama, kichwa upande, na wewe uliyeshikwa mkono unasimama naye hata kama mvua inanyesha. Alisema kila watu duniani wana namna yao ya kuyapitia matundu yale sita, na yeye anataka kujua wanapitaje.

Sasa nieleze habari ya mbegu, maana bila hiyo hamtaelewa yaliyotokea baadaye. Nyumbani kwetu Bibi ndiye aliyekuwa mlinzi wa mbegu, na alitufundisha sheria zake tungali wadogo sana. Mbegu haiombwi mikono mitupu, unakwenda na kitu kikapuni. Na ukishapewa, usishukuru kwa mdomo. Unapokea kimya, unashukuru kwa kuiotesha. Mbegu inayoambiwa asante, alisema Bibi, ni mbegu inayoagwa, haitaota. Mama akaichukua sheria hiyo akaitia kwenye nyimbo. Alikwenda kuomba wimbo na kikapu cha plamsi au mapeasi, anakaa chini, anasikiliza, anaimba pamoja na mwenye wimbo mpaka aukamate. Kisha anainuka na kuondoka bila kusema asante, na watu wa mjini waliokuwa hawajui mila zetu walimwona ana kiburi.

Taabu ilikuwa njiani. Mnajua salamu za kwetu zilivyokuwa. Siku hizi kijana anakupita anasema "mambo" akiwa amekwishakuacha nyuma. Enzi zile mtu mzima akikutana na mtu mzima mwenzake mlimani, wote wawili wanatua mizigo. Shikamoo, marahaba, onga mshi, umeshindaje, watoto, mzee, mbuzi, yule ng'ombe aliyekuwa mgonjwa, maharage yameingia maji au hayajaingia. Ukikatisha ni utovu wa adabu, na habari inafika nyumbani kabla yako. Mama alikuwa anatoka mjini na wimbo mzima mdomoni, akifika daraja la kwanza anakutana na mama mkubwa fulani, akimaliza salamu hana kitu. Mara moja alijaribu kusalimia kwa kupiga goti huku akiendelea kuimba puani. Mzee aliyesalimiwa hivyo alikuja jioni ile ile kumuuliza Baba kama mkewe anaumwa kichwa.

Ndipo Mama akapata akili. Mtoto akisalimia anasema shikamoo tu, akishaitikiwa hana kazi nyingine. Hakuna anayemuuliza mtoto habari za maharage. Basi akaamua nyimbo tubebe sisi, mdomo wake yeye ubaki wa kusalimia watu. Kaka yangu Eliya, kwa kuwa alikuwa mkubwa, akapewa nusu ya kwanza, ambayo Mama aliiita kichwa. Mimi nikapewa nusu ya pili, mkia. Tulitembea Eliya mbele kabisa, Mama katikati, mimi nyuma, ili nusu hizi zisisikizane zikachanganyika. Mdomo umefungwa, wimbo unazunguka puani, ukikutana na mtu mzima unatoa shikamoo haraka haraka kama mtu anayefungua mlango na kuufunga kabla kuku hajatoka. Tukifika nyumbani, kabla ya maji, kabla ya kukaa, Eliya anaimba kichwa, mimi naimba mkia, na Mama anaviunga kwa filimbi. Watoto wa jirani walikuwa wakibeba chumvi na mafuta ya taa kutoka mjini. Sisi tulibeba hivyo, na wimbo juu yake.

Mbona tulibeba nyingi. Mke wa Mhindi mwenye duka la vitambaa alikuwa na santuri za kwao, na alimpenda Mama kwa sababu ya mapeasi. Nyimbo zile hazikukanyaga sauti, ziliteleza kutoka moja hadi nyingine, na Mama alijifunza kukitelezesha kidole juu ya tundu badala ya kukiinua. Mke wa mwalimu wetu alihamia kwetu kutoka Tanga, Bi Mwanaidi jina lake, mama wa watu aliyevaa khanga tatu kwa wakati mmoja kwa ajili ya baridi. Yeye alijua taarabu. Alimwonyesha Mama kwamba kati ya sauti mbili kuna sauti nyingine imejificha, na ukitaka kuitoa unaliziba tundu nusu. Za Mama Bustani zilikuwa za kurukaruka, za kuchezea, na vidole viligonga matundu kama mvua ya mawe kwenye bati. Kulikuwa na mzee mmoja wa Kimbugu aliyechunga ng'ombe huko juu msituni na kupuliza mwanzi, naye alipiga wimbo mmoja tu, mrefu, usioisha, na alishangaa kwamba kuna mtu anahitaji zaidi ya huo. Na mara moja alipita Mchina, mtaalamu wa mpunga aliyekuwa akifanya kazi huko tambarare, aliyeletwa mjini kupumzika joto. Alipoiona filimbi aliipokea kwa mikono miwili, akapiga wimbo wa kwao, mwembamba, unaotetemeka mwishoni. Hakujua Kiswahili wala sisi Kichina. Alikula plamsi zote kikapuni, akaupiga tena na tena mpaka mimi na Eliya tukaukamata.

Wa redio ndio ulikuwa wa shida. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa na redio ya betri, na jioni aliiweka dirishani ili watu wote wafaidi, kwanza hotuba, halafu muziki. Rumba ya Kongo ikianza, sisi tayari tuko chini ya dirisha. Lakini redio haikuwa na subira, ilisema mara moja ikapita. Haikubali mapeasi. Hata hivyo Mama aliiheshimu kuliko wote, kwa kuwa alielewa ina kitu ambacho sisi hatuna. Nakumbuka jioni moja tumeketi jikoni, Bibi anageuza magimbi kwenye majivu, Mama ametoka kuunganisha wimbo wa Kihindi, anasugua filimbi kwa kitambaa. Akasema maneno ambayo sikuyatilia maanani wakati ule. "Mimi nitakufa, nanyi mtasahau. Redio haisahau. Nikizitia mle hata mara moja tu, hamtahitaji kubeba tena."

Basi zikaja habari kwamba watu wa redio watapanda Lushoto na mashine zao za kunasa sauti, wakusanye ngoma za wilaya nzima. Afisa utamaduni alipita kijijini kwetu kuandaa kikundi cha ngoma, akamsikia Mama, akakuna kichwa. Alisema yeye ametumwa kutafuta vyetu, na hivi vya Mama ni vya dunia nzima. Lakini alikuwa mtu mwema, na tena alikuwa amekwisha kunywa chai yetu, kwa hiyo akamwambia aje tu siku hiyo uwanjani, akae karibu na wacheza ngoma, nafasi itapatikana. Mama hakumwambia asante. Alifurahi mno hata akasahau kwamba huyu hakuwa ameleta mbegu.

Majuma machache kabla ya siku hiyo ikaja habari kutoka Mlalo kwamba mdogo wake Mama amejifungua vibaya na anahitaji mtu. Mama akaondoka. Ilikuwa kipupwe, ukungu ulikuwa hauondoki, nguo zilikaa kambani mpaka zikaota ukungu wa kijani. Kabla ya kuondoka akamkabidhi Bibi filimbi. Akamwomba aitunze isipate unyevu wala isiingiwe na wadudu, maana akirudi itakuwa karibu na siku yenyewe. Bibi akaipokea kimya kwa mikono miwili.

Na Bibi aliitunza. Hilo nataka mlielewe. Hakuitupa pembeni, hakuisahau, hakuwapa watoto wachezee. Alikuwa na mahali pamoja tu pa kuweka kitu ambacho nyumba haiwezi kukipoteza, napo ni darini juu ya mafiga, palipotundikwa mahindi ya mbegu. Pale moshi unapita mchana kutwa, fukusi hasogei, unyevu haufiki. Mahindi yaliyotulisha sisi, yaliyomlisha Baba alipokuwa mtoto, yote yalipitia moshini pale. Akaitoa filimbi kwenye kijisanduku chake cha Kizungu, ambacho aliona kinaitia unyevu, akaifunga kwa ganda la mgomba, akaitundika katikati ya mahindi bora kuliko yote. Kila asubuhi aliinua macho kuitazama kabla ya kuchochea moto. Sisi tuliiona pale, na hakuna aliyefikiri lolote. Naye Baba, fundi wa mbao ambaye labda angesema neno, alikuwa Bumbuli akiezeka kanisa.

Mama alirudi mchana mmoja, amechoka, mguu umevimba, lakini mdogo wake alikuwa mzima. Aliuliza kwanza filimbi. Bibi akapanda kwenye kigoda, akaitungua, akaifungua kwenye ganda la mgomba na kumkabidhi. Ilikuwa kavu kama mfupa. Kutoka tundu la tatu mpaka tundu la sita palikuwa na ufa ambao ungeweza kuingiza ukucha.

Mnajua nafasi ya mama mkwe kwetu. Huwezi kumkaripia, huwezi hata kuugua mbele yake kwa jambo alilolifanya. Mama aliitazama filimbi, akaigeuza, akaipitishia kidole. Kisha akapiga magoti pale pale penye majivu akasema, "Asante, mama. Umenitunzia."

Bibi akabaki amesimama juu ya kigoda. Mbegu haiambiwi asante, yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha. Akauliza polepole kwa Kishambaa kama imekufa. Mama akaishika miguu ya Bibi kwa mkono mmoja, filimbi mkono wa pili. Nami nilikuwa mlangoni na ndoo ya maji, nikajua kwamba nimeona kitu ambacho sitaweza kukiondoa machoni. Bibi hakupanda tena kigoda kile. Mwaka ule mbegu alizitundika Baba.

Baba aliporudi alifanya alichoweza. Aliujaza ufa kwa nta na gundi ya ng'ombe, akauzungushia uzi mwembamba wa shaba, akaupaka mafuta. Ilitoa sauti tena, lakini sauti ya mtu aliyekesha msibani. Sauti za juu zilitoka, za chini zilivuja. Mama akasema itatosha.

Uwanja ule wa Lushoto siku ile sijapata kuuona umejaa hivyo. Ngoma zilitoka kila upande wa milima, watu wa Mponde na jani lao la chai kwenye vifua, watu wa Mlalo na kwaya yao. Mtu wa redio alikuwa kijana wa suruali pana, vyombo masikioni, mbele yake mashine yenye magurudumu mawili yanayozunguka. Tulikaa tangu asubuhi. Zamu ya Mama ilipofika jua lilikuwa limeinama, naye akasimama na gauni lake la kanisani, akaanza na ule wa Kichina kwa sababu ulikaa juu. Ulitoka vizuri. Kijana akatabasamu, akatikisa kichwa. Kisha akaingia kwenye wa Kihindi, na pale unapoteremka, filimbi ikavuja pumzi, sauti ikakatika. Akarudia. Ikakatika tena. Kijana akavua vile vyombo, akaisimamisha mashine.

Alimweleza kwa adabu kwamba mashine inasikia upepo kuliko wimbo. Mama akasema kama ni hivyo basi wanawe wanazo zote, akatusukuma mbele, Eliya kulia, mimi kushoto. Tukafungua midomo. Kijana akatazama nyuma, palikuwa na ngoma mbili bado hazijanaswa, na utepe ulikuwa umebaki kidogo. "Mama, itengeneze filimbi yako," akasema. "Tutarudi. Tutakuanza wewe." Akaufuta ule mwanzo ili apate nafasi. Nakumbuka magurudumu yakizunguka kinyumenyume.

Hawakurudi. Sina wa kumlaumu, nchi ilikuwa kubwa na mashine chache. Baba alimchongea Mama filimbi nyingine, ya mti wa kwetu, akapima matundu kwa uangalifu wote wa seremala, ikaishia kulia kama mbuzi. Mama alicheka mpaka machozi, akamwambia hii itafaa kufukuzia nyani shambani. Na ndivyo tulivyoitumia. Ya mpingo akairudisha kwenye kijisanduku. Kwa muda aliendelea kuimba puani akipalilia, halafu kazi za shamba la pamoja zikazidi, tukaenda sekondari, Bibi akafa, Mama naye akazeeka, na siku moja nilipokuja likizo nikagundua kwamba amekuwa akifanya kazi kimya, na sikujua alinyamaza lini.

Mama amelala kule juu, pembeni mwa Baba. Eliya alikuwa mwalimu Mbeya, mimi nikawa muuguzi hapa Tanga, na kati ya Mbeya na Tanga ni safari ya mtu kuaga. Kila mwaka tuliambiana Krismasi ijayo tukutane nyumbani, tukae jikoni, tuziunge zote, hata kwa mdomo, tuwafundishe watoto. Watoto nao wakawa na watoto. Simu za mkononi zilipoingia tukajaribu mara moja. Eliya akaimba kichwa cha wa Kihindi, sauti yake imekwisha kuwa ya babu, nami nikadaka mkia upande huu, na kwa mara ya kwanza tangu siku za filimbi nikausikia mzima. Tulicheka kama wehu. Alipoanza kichwa cha wa Kichina, vocha ikaisha. Nikasema kesho. Kesho ikawa na mambo yake, na kesho kutwa pia, na mtu akiwa hai hudhani kichwa cha wimbo wake kinaweza kungoja.

Tulimzika mwaka juzi. Tangu hapo nimejaribu kuvikumbuka vichwa. Mtu anaweza kuniuliza, si nilizisikia nyimbo zile nzima kila jioni? Nilizisikia. Lakini kusikia si kubeba. Vichwa vikija vinakuja vipande, cha Mchina kinaingia ndani ya rumba, rumba inageuka wimbo wa kanisani. Mikia ninayo yote. Nikiosha vyombo ninayo, nikishona ninayo, minene, mizima, haijapungua hata sauti moja, na haina pa kushikia.

Mjukuu wangu Neema, mtoto wa chuo, waya masikioni tangu asubuhi mpaka anapolala, alinisikia wiki iliyopita jikoni. Alichomoa waya mmoja, jambo ambalo kwake ni kama kuvua kofia, akaniuliza ni wimbo gani. Nikamwambia sijui jina lake, Mchina hakutuambia. Akacheka kwa upole, akasema Bibi, siku hizi hakuna wimbo unaopotea, simu ina nyimbo zote za dunia, wewe iimbie tu itautafuta. Nikamwambia hizo nyimbo zote za dunia Bibi yako mkubwa alikuwa nazo kwenye matundu sita. Hakunisikia, alikuwa amekwisha kuninyooshea simu mdomoni kama mtu anayemlisha mtoto uji.

Nikaiimbia. Niliufunga mdomo nikauzungusha puani kama zamani, pole pole, mpaka ule mtetemo wa mwisho. Kwa dakika ile nilikuwa kwenye njia ya Irente, mgongo wa Mama mbele yangu, na mbele yake, penye ukungu, kisogo cha Eliya. Alama kwenye kioo cha simu ikazunguka, ikazunguka. Neema akasoma kioo, akakunja uso.

"Haijaupata, Bibi," akasema. "Inasema uimbe tena, lakini anzia mwanzo."

Nikamwambia mwanzo alibeba babu yako Eliya.